Dhamana Kabla ya Pingu

Nimetoka Msamvu, hapa mjini Morogoro, sasa hivi, na kabla sijasahau harufu ya dizeli na kahawa, acha nikusimulie nilichokiona.

Wewe wa Morogoro unapajua. Barabara ya Iringa na barabara ya Dodoma zinakutana pale, na ikifika msimu wa mavuno usiku wote ni malori. Yanayotoka Makambako yanashukia upande wa Mikumi, yanayotoka soko la Kibaigwa yanakuja kwa njia ya Dodoma, yote yanaelekea Dar es Salaam. Leo alfajiri lori moja lenye tela lilikuwa limeegeshwa pembeni, tairi limetolewa, utingo amelala chini ya bodi amejifunika khanga. Gunia moja la juu lilikuwa limetoboka, mahindi yanadondoka kwenye lami punje mojamoja. Mzee mmoja wa kubeba mizigo akaokota punje mbili. Ya kwanza akaitia mdomoni, akaing'ata. Ko! Akaitema. "Kavu," akasema. Ya pili akaing'ata, ikabonyea bila sauti. Hakusema neno. Alinitazama tu, akacheka.

Gunia moja, punje mbili, na kila moja ina habari zake. Anayenunua mahindi anaelewa kicheko kile.

Tukaenda kwa mama lishe kunywa chai. Pale benchini walikuwapo vijana wa bodaboda, na mmoja wao, akijua kazi yangu, akanitupia swali: "Kaka, hivi ni kweli kule Kenya mtu anaomba dhamana kabla hajakamatwa?" Nikamwambia ni kweli. Wakacheka wote. "Sasa hiyo dhamana ya nini? Ni sawa na kulipia basi ambalo halijafika!" Mama lishe, bila kugeuka kutoka kwenye jiko lake, akajibu, "Na hapa stendi unalipia lipi? Lililokwisha kuondoka?"

Basi nimeona mazungumzo ya leo yawe juu ya jambo hilo. Dhamana ya kabla ya kukamatwa, na, kwa ajili ya punje zile mbili, kesi za mahindi ya serikali.

Mtu akisikia kwamba wapelelezi wanamtafuta, na ana sababu ya kuamini kwamba atakamatwa kwa kuonewa, anakwenda Mahakama Kuu kabla ya pingu. Anaomba mahakama iamuru kwamba akikamatwa aachiwe kwa dhamana, au asikamatwe kabisa bali aitwe na kuhojiwa. India wanayo kwenye sheria iliyoandikwa, tangu Sheria yao ya Mwenendo wa Jinai ya mwaka 1973. Kenya hawakuiandika kwa jina, lakini majaji waliijenga kutokana na haki zilizomo katika Katiba. Katika shauri la W'Njuguna, linalopatikana kwenye ripoti za sheria za mwaka 2004, Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kinga hiyo inatolewa pale chombo cha dola kinapovunja haki za mtu kwa uzito. Hofu tupu ya kukamatwa haitoshi.

Sisi Tanzania hatuna. Na hapa kuna kichekesho cha historia. Waingereza walipochukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani walituletea sheria za jinai za India, zile zile, na tukahukumiwa kwazo mpaka zilipotungwa za kwetu mwaka 1930. Tulipewa India ya zamani. Kifungu hiki kilizaliwa huko miaka zaidi ya arobaini baadaye, sisi tukiwa tumeshashika njia yetu. Kwa sheria yetu dhamana inamhusu mtu aliyekamatwa au aliyefika mbele ya mahakama. Ukienda leo kumwambia hakimu "nahisi nitakamatwa Jumatatu", atakuambia urudi Jumanne.

Lakini nimekaa na jambo hili, msikilizaji, na naona kwamba swali la vijana wa bodaboda, kwa hapa kwetu, limelenga pembeni. Kwetu kinachoamua kama utalala nyumbani au mahabusu ni jina litakaloandikwa kwenye hati ya mashtaka. Chukua mahindi yaliyopungua ghalani. Mahindi yale yale, pungufu lile lile, yakiitwa wizi mlango uko wazi, wadhamini wawili na barua ya mtendaji wa mtaa. Yakiitwa kuisababishia mamlaka hasara, umeingia kwenye uhujumu uchumi, na thamani ikizidi kiwango cha sheria unatakiwa uweke mahakamani nusu ya fedha hizo, taslimu au mali, kabla hujatoka. Likiongezwa shtaka la utakatishaji fedha, mlango umefungwa. Hakuna dhamana. Na anayechagua jina ni upande wa mashtaka, siku ambayo wewe bado hujafungua kinywa.

Ili ujue tulifikaje hapo, twende kidogo kwenye ile barabara ya Dodoma. Ukitoka Msamvu, saa moja haijaisha unafika Dakawa. Pale ndipo alipofia Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, tarehe 12 Aprili 1984, gari lake lilipopata ajali akitoka bungeni Dodoma. Chuo kikuu chetu cha kilimo hapa mjini kina jina lake. Mwaka mmoja kabla, mwezi Machi 1983, ndiye aliyeongoza msako wa wahujumu uchumi. Wazee wangali wanasimulia: watu walitupa sukari vichakani, vitenge vikazikwa, mwenye katoni tatu za sabuni alilala macho. Sheria ya mwaka 1983 iliyotungwa kwa ajili ya msako ule ilianzisha baraza maalumu, na mbele ya baraza lile mshtakiwa hakuwa na dhamana wala wakili.

Sitaki kumsema vibaya Sokoine, na mtu wa Morogoro atakayefanya hivyo atagombana na mimi. Nchi ilikuwa haina chumvi dukani, na watu walikuwa na chumvi uvunguni. Lakini sheria ile ilionekana mapema kuwa imekwenda mbali. Mwaka 1984 ikafutwa, ikaja ya sasa ya uhujumu uchumi, ikarudisha wakili na mahakama ya kawaida. Sehemu ya roho ya zamani ilibaki. Bado tunaona kwamba mtu aliyegusa mali ya umma aonje mahabusu kwanza, halafu ndiyo tumuulize.

Mahakama zetu zimepambana na roho hiyo, zikishinda na kushindwa. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilibatilisha kifungu kilichokuwa kinawanyima dhamana watuhumiwa wa unyang'anyi, ikisema kinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2018, katika shauri la Jeremia Mtobesya, mahakama hiyo hiyo ikakubali kwamba haiwezekani Mkurugenzi wa Mashtaka aandike cheti tu na mahakama ikose la kufanya juu ya dhamana. Kisha mwaka 2020, Dickson Sanga alikwenda Mahakama Kuu kupinga orodha nzima ya makosa yasiyo na dhamana, na Mei akashinda. Furaha ikadumu miezi mitatu. Agosti Mahakama ya Rufani ikatengua, orodha ikabaki.

Sasa tuje kwenye mahindi yenyewe, maana hapo ndipo sheria hizi zinapokutana na vumbi.

Serikali inanunua mahindi kwa njia ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, na Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko inanunua pia kibiashara. Mkulima anafika kituoni na magunia yake. Anakutana na kijana mwenye bambo, kile chuma kirefu chenye mfereji, anakichoma ubavuni mwa gunia na mahindi yanamiminika kiganjani. Yanapimwa unyevu, isizidi asilimia kumi na tatu na nusu. Yanachekechwa, pumba na mawe yaonekane. Ndipo yanapanda mizani, karani anaandika tiketi, na mkulima anakwenda kusubiri fedha, wakati mwingine siku, wakati mwingine majuma.

Hesabu ninayokupa sasa isikilize vizuri. Chukua gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, yaani mahindi ambayo hayakupaswa kupokelewa. Yakikauka ghalani mpaka kufikia kumi na tatu na nusu, yanabaki kilo 95 hivi. Kilo tano zimepaa hewani. Zidisha kwa magunia elfu kumi, umepoteza tani hamsini na hakuna mtu aliyebeba hata debe moja. Sasa mkaguzi anafika mwezi wa tatu, anapima rundo, anakuta pungufu. Nani kala?

Huenda hakuna aliyekula. Huenda pia aliyekula ni yule aliyepitisha mahindi mabichi kwa makusudi, akapewa chake na mlanguzi, kisha akakaa kimya akijua jua na upepo vitabeba lawama. Huenda magunia hayakuwahi kuingia kabisa, yaliingia kwenye karatasi tu, mahindi hewa. Huenda muuzaji alikuwa mfanyabiashara aliyeandikisha majina ya wakulima wa kijiji kizima, na wao hawana habari. Kwa nje pungufu zote hizi zinafanana. Na sheria ya kuisababishia mamlaka hasara haidai hata kwamba umeiba. Uzembe unatosha.

Hapo namwona mtunza ghala. Mshahara wake unajulikana. Hana wakili, ana shemeji anayemfahamu karani wa wakili. Akisikia wakaguzi wanakuja hawezi kukimbilia Mahakama Kuu, hata kama tungekuwa na dhamana ya kabla ya kukamatwa. Atakwenda kazini asubuhi kama kawaida, na atakamatwa akiwa na funguo mkononi.

Ndiyo maana sina haraka ya kushangilia utaratibu wa Kenya. Si kwamba ni mbaya, ila tazama nani anaufikia. Mwaka 2018 ilipodaiwa kwamba fedha za Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao ya Kenya zimelipwa kwa wafanyabiashara huku wakulima wa Bonde la Ufa wakiwa hawajalipwa, mkurugenzi wa bodi alijiuzulu Mei, na Agosti maofisa wakapandishwa kizimbani, akiwamo ofisa mwandamizi wa wizara ya kilimo. Katika msimu wa namna ile, anayewahi kufika mahakama za Milimani, Nairobi, kuomba asikamatwe ni yule ambaye wakili wake yuko kwenye simu saa kumi na moja alfajiri. Mkulima wa Kitale aliyekesha na trekta langoni mwa ghala hana haja na dhamana. Yeye anataka fedha zake. Na karani aliyeandika tiketi hajui hata kwamba kuna ombi kama hilo duniani.

Wapelelezi nao wana neno, na tusilipuuze. Watakuambia hivi: bosi akibaki nje, karani hasemi. Faili linapotea, kompyuta inaungua, shahidi anapata kazi mkoani Kagera. Ni kweli hutokea. Lakini hebu tuulize, hiyo kesi ya mahindi inathibitishwa na nini? Mahindi yenyewe hayangoji. Yanaliwa na wadudu, yanapuliziwa dawa, yanagawiwa wenye njaa, yanasagwa. Shauri likisikilizwa baada ya miaka mitatu kizibiti kimeshakuwa ugali. Kinachobaki ni karatasi.

Tazama shauri jingine la mahindi la Kenya, la zamani zaidi ya lile la 2018. Mwaka 2004 kampuni ya Erad ilipewa zabuni ya kuiletea bodi ile ile ya Kenya tani 40,000 za mahindi. Mahindi hayakuja, lakini madai ya fedha yalikuja, na fedha zikalipwa. Mwezi Juni 2020 mahakama ya rushwa jijini Nairobi ikamtia hatiani mbunge wa Sirisia, John Waluke, pamoja na mwenzake, na fedha zilizotajwa zilikuwa shilingi milioni 313 za Kenya. Rufaa zikafuata. Kilichowatia hatiani ni ankara, karatasi ya gharama za kuhifadhi mahindi, ambayo mahakama iliiona kuwa ya uongo. Tani elfu arobaini ambazo hakuna aliyewahi kuzing'ata, na kesi ikasimama juu ya karatasi. Miaka kumi na sita.

Kwa hiyo mimi nasema, kamateni vitabu kabla hamjamkamata mtu. Siku ile ile tuhuma inapofika, kitabu cha tiketi za mizani kifungwe kwa lakiri. Daftari la vipimo vya unyevu, kadi zinazoning'inia kwenye marundo, orodha ya walioingiza magari langoni, vyote viende mahali ambapo bosi hafiki. Mtuhumiwa apokonywe pasipoti, akatazwe kulikaribia ghala, aripoti polisi kila Jumatatu. Akivunja, hapo mfungeni na sitamwombea. Ukishashika karatasi, sababu ya kumlaza mtu sakafuni inapungua sana. Kwetu mara nyingi inakwenda kinyume. Tunamkamata mtu Ijumaa, vitabu tunavikumbuka mwezi wa pili, na kila baada ya siku kumi na nne mwendesha mashtaka anasimama na sentensi ambayo watoto wa mahabusu wameikariri: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika."

Na sentensi hiyo ina bei. Unakumbuka Septemba 2019, Rais John Magufuli alipotoa nafasi kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi waombe radhi na kurudisha fedha. Kwa siku chache tu Mkurugenzi wa Mashtaka wa wakati huo, Biswalo Mganga, alimpelekea taarifa ya watu 467 waliokubali, na ahadi za shilingi zaidi ya bilioni 107. Nchi ikapiga makofi. Nami nilipiga, nisiwe mnafiki. Baadaye nikajiuliza ni wangapi kati ya wale 467 walikuwa wezi hasa, na ni wangapi walikuwa wamechoka. Mtu aliyekaa ndani miaka minne kwa kosa lisilo na dhamana, ukimwambia saini hapa ukalale kwako, hasomi karatasi vizuri.

Kuna mazuri yaliyofanyika, niyataje nisije nikaonekana mlalamishi wa kazi. Hapa Morogoro tangu 2021 tunacho Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, na Mahakama Kuu iko jirani. Zamani ombi la dhamana la kesi kubwa lilikuwa safari ya Dar es Salaam, karibu kilomita mia mbili, na ndugu wa mshtakiwa walilala kwenye viti pale stendi Msamvu kusubiri basi la alfajiri. Mwaka 2023 pia Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais Samia Suluhu Hassan taarifa ya mfumo mzima wa haki jinai. Ukiisoma utaona kwamba haya ninayoyasema hayajaanzia kwa mama lishe wa Msamvu.

Nimalizie na langu mwenyewe, kwa kuwa nimewasema sana wengine.

Nilipokuwa kijana nilikaa msimu mmoja ghalani, kazi yangu kuandika. Ghala gani sitasema, na wenyewe wengi wameshatangulia mbele ya haki. Mwisho wa msimu rundo la tatu lilionekana pungufu magunia kumi na moja. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na mkono ulioandika tiketi zile ulikuwa wangu. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nahesabu nani atamweleza mama, na nani atauza ng'ombe yupi. Sikufikiria mahakama hata kidogo. Nilifikiria lile lango la chuma tu.

Mtunza ghala wetu alikuwa mzee wa Kiluguru kutoka Matombo, mtu wa maneno machache. Ile jioni pungufu lilipogundulika hakupiga kelele wala kumwita polisi. Alikusanya vitabu vyote, vyangu na vyake, akavitia kwenye sanduku la bati, akalifunga, funguo akampa mwenyekiti wa kamati. Asubuhi wakaja watu wawili kutoka makao makuu. Mzee akaomba sanduku lifunguliwe mbele yao, akachomoa daftari la unyevu, lile ambalo hakuna aliyekuwa akilisoma. "Mwanangu," akaniambia, "kaa hapa, soma kwa sauti."

Nikasoma. Rundo la tatu lilikuwa limepokelewa wiki ya mvua. Kumi na saba. Kumi na saba na nusu. Kumi na nane. Aliyeruhusu yapokelewe alikuwa ameweka saini kila ukurasa, na hakuwa mimi wala mzee. Mmoja wa wale wageni akatoa kalamu, akaanza kukokotoa nyuma ya bahasha. Kulikuwa kimya, kunasikika panya tu juu ya kenchi. Alipomaliza akahesabu tena, kisha akaisogeza bahasha kwa mwenzake. Mzee hakuitazama. Alikuwa ameokota punje sakafuni, anaing'ata.